Shah, hundi na nicheki: uchambuzi wa neno moja la Kiingereza

Mchezaji wa sataranji wa Baghdad katika karne ya 9, alipoisogeza kete yake ikamkabili mfalme wa mwenzake, alitakiwa na adabu ya mchezo atamke neno moja: shah. Halikuwa tambo wala tusi. Lilikuwa onyo kwamba mfalme wako yu hatarini, acha hesabu zako nyingine zote umshughulikie kwanza. Neno hilo la Kiajemi, lenye maana ya mfalme na si zaidi, ndilo lililokuja kuwa check ya Kiingereza. Leo Mwingereza au Mmarekani hulitumia anapokagua upepo wa tairi, anapozuia hasira zake, anapomwandikia mtu hundi, anapokabidhi begi uwanja wa ndege, anapovaa shati la mirabaraba na, akiwa Marekani, anapoitisha bili mgahawani.

Kamusi kubwa za Kiingereza hulitolea neno hili safu baada ya safu ya maana, na msomaji anayezipitia haraka huinuka akiamini kwamba lugha hiyo haina mpangilio. Mimi nasema mpangilio upo, ila ni mpangilio wa kazi, si wa kamusi. Kila maana kubwa ya check ilizaliwa juu ya meza fulani, mbele ya watu waliokuwa na shughuli yao na waliohitaji neno la kuitajia. Walichukua lililokuwa karibu, wakalipinda kidogo, wakaendelea na kazi. Ukizijua meza hizo, maana hujipanga zenyewe. Usipozijua, unabaki kukariri.

Meza ya kwanza ni ya mchezo. Wahindi waliuita chaturanga, yaani viungo vinne, kwa kuwa uliiga jeshi la zama zao lenye tembo, magari ya kivita, farasi na askari wa miguu. Waajemi wakaupokea kwa jina la chatrang, na Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 waliurithi pamoja na msamiati wake. Kiarabu hakina sauti ch, hivyo jina likawa shatranj. Chini ya makhalifa wa Bani Abbas mchezo huu ulikuwa elimu yenye heshima: al-Adli, na baada yake as-Suli, waliutungia vitabu na kuucheza mbele ya watawala. Kete ya mfalme ilibaki na jina lake la Kiajemi. Aliyesimama ubavuni mwake hakuwa malkia bali firzan, mshauri wake, yaani waziri. Malkia ni mabadiliko yaliyofanywa na Wazungu baadaye.

Msomaji wa Kiswahili yuko karibu na meza hii kuliko Mwingereza. Sataranji ni neno letu la siku nyingi. Shaha pia ni letu: ni mfalme wa mchezo huo, na ni heshima apewayo mtu aliyefika kileleni mwa fani yake, kama tunaposema shaha wa malenga. Jina la mfalme lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, likiwa bado na taji lake kichwani. Kwa Waingereza lilifika limezunguka Bahari ya Mediterania, likapita kwenye Kilatini na Kifaransa, na kufikia hapo hakuna aliyekumbuka kwamba lilikuwa jina la mfalme.

Kuna neno la pili la mchezo, mat, ambalo hukamilisha kauli ya shah mat, ile ambayo Waingereza huiita checkmate. Sikio lililozoea Kiarabu husikia humo kifo, kwa mzizi uleule uliotupa mauti na maiti, na wengi hufasiri kauli hiyo kuwa mfalme amekufa. Lakini katika sataranji mfalme hafi. Haliwi kama kete nyingine, bali hukosa pa kwenda. Kiajemi kina mat yake, yenye maana ya aliyeduwaa na kukwama, na maana hiyo inalingana na kinachotokea ubaoni kuliko ile ya kifo. Naegemea upande huo. Naelewa pia kwa nini wachezaji wa Kiarabu walisikia mauti: ndilo neno walilokuwa nalo, na tangu walipolisikia hivyo, wao na waliojifunza kwao waliishi nalo hivyo.

Mchezo uliingia Ulaya kupitia Andalusia na Sisilia, mahali ambapo Waislamu na Wakristo waliishi jirani. Hispania na Ureno zilichukua jina la Kiarabu la mchezo wenyewe, zikapata ajedrez na xadrez. Kwingineko jina la mfalme ndilo lililotawala. Kilatini cha zama hizo kikaandika scaccus, na Kifaransa cha kale kikawa na eschec kwa umoja na esches kwa wingi. Kwenye umoja Waingereza wakachota check, kwenye wingi wakachota chess. Jina la Kiingereza la mchezo mzima, kwa asili yake, ni lile onyo moja likisemwa kwa wingi. Kirusi kilibeba kauli nzima, shakhmaty. Na msomaji wa Bukavu au Bujumbura aliyesomeshwa kwa Kifaransa analijua échec katika maana ya kufeli mtihani au kushindwa jambo. Huyo naye ni shah yuleyule, aliyebaki na upande wa hasara peke yake.

Maana ya kuzuia ilitoka moja kwa moja katika sheria ya mchezo. Anayetahadharishwa kuhusu mfalme wake hana hiari. Alikuwa na mpango wa kula kete ya mbali, sasa hawezi. Sharti asimame, amwondoe mfalme au amkinge. Kufikia karne ya 14 Waingereza walikuwa wakilitumia neno hilo kwa chochote kinachomsimamisha mtu katikati ya alichokusudia. Geoffrey Chaucer, katika shairi lake The Book of the Duchess, anamwonyesha mfiwa aliyecheza sataranji na Bahati akanyang'anywa kete aliyoiita fers, jina lililotokana na firzan ya Waarabu. Katika tamthilia za Shakespeare check mara nyingi ni karipio au kizuizi. Wawindaji walilitumia kwa mbwa waliopoteza harufu ya mnyama wakasimama, na wachezaji wa magongo ya barafu hulitumia hadi leo kwa kumkumba mpinzani asiendelee mbele.

Laiti neno lingebaki hapo, lingekuwa neno la kawaida lenye tawi moja. Meza ya pili ndiyo iliyolipanua, na kwenye meza hii inafaa tukae.

Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066. Wafalme wao waliwatuma wakuu wa wilaya, kila mmoja akiitwa sheriff, wakusanye mapato kwa jina la mfalme, na tatizo likawa lile la watawala wa nyakati zote: utajuaje kwamba kilichokusanywa ndicho kilichofika? (Sheriff huyu hana udugu na masharifu wetu. Jina lake ni muungano wa maneno mawili ya Kiingereza cha kale, moja likimaanisha wilaya na jingine msimamizi.) Wakati wa Henry I, aliyetawala kuanzia 1100 hadi 1135, liliimarika baraza maalumu la kupokea hesabu hizo. Daftari lake la zamani kabisa lililosalia ni la mwaka wa fedha ulioishia 1130. Baraza lilikutana wakati wa Pasaka, na tena wakati wa sikukuu ya Mikaeli mwishoni mwa Septemba.

Tunajua lilivyofanya kazi kwa sababu Richard FitzNeal, mweka hazina wa Henry II na baadaye askofu wa London, alikaa katika miaka ya 1170 akaandika kitabu cha maswali na majibu kwa Kilatini, Dialogus de Scaccario. Scaccarium ni ubao wa sataranji. Anaeleza meza ya mstatili yenye urefu wa futi 10 na upana wa futi 5, iliyoinuliwa ukingo pande zote ili kitu kisidondoke. Juu yake ulitandikwa mfuko mzima wa serikali ya wakati huo kwa namna ya kuonekana: kitambaa cheusi chenye mistari, na kati ya mistari safu, kila safu na thamani yake. Safu ya peni, ya shilingi, ya pauni, ya pauni ishirini-ishirini, ya mamia, ya maelfu. Karani alipanga vihesabio kwenye safu kuonyesha kiasi anachodaiwa sheriff, kisha chini yake akapanga kiasi alicholeta, halafu akaanza kupunguza mbele ya macho ya wote.

Fikiria kwa nini walihitaji kitambaa. Tarakimu zilizotumika ofisini humo zilikuwa za Kirumi, na tarakimu za Kirumi haziwezi kupangwa wima zikajumlishwa. Hazina nafasi ya mamoja, makumi na mamia, wala hazina sifuri. Kitambaa kiliwapa nafasi hizo. Kiliwapa pia uwazi, kwa kuwa sheriff asiyejua kusoma aliweza kuona deni lake limekaa wapi na limepungua kwa kiasi gani. FitzNeal mwenyewe anaeleza kwamba jina lilitokana na kufanana na mchezo: meza ina miraba, na pande mbili zinakabiliana, mweka hazina huku na sheriff kule, waamuzi wakitazama. Naiona hii kuwa mojawapo ya nyakati chache katika historia ya maneno ambapo tunaye shahidi aliyekaa mezani penyewe na kutueleza kwa nini jina lilishika.

Baraza likachukua jina la kitambaa, na Waingereza wakalitamka exchequer. Waziri wa fedha wa Uingereza bado anaitwa Chancellor of the Exchequer. Jina halikuishia huko. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya Kenya ya mwaka 2012 inaagiza mfuko mkuu wa serikali utunzwe Benki Kuu katika akaunti iitwayo National Exchequer Account, na kila kaunti ina akaunti ya namna hiyo. Mkazi wa Kisumu anayesoma gazetini kwamba fedha za kaunti hazijatoka Exchequer anasoma jina la ule ubao wa sataranji. Shilingi iliyokuwa na safu yake kwenye kitambaa kile ndiyo pia iliyoletwa kwetu kuwa fedha ya Afrika Mashariki mwaka 1921.

Mezani hapo kulikuwa na chombo kingine, kijiti cha kumbukumbu. Sheriff alipolipa, kijiti kilichongwa alama kufuatana na kiasi. Alama ya elfu ilikuwa pana kama kiganja, ya mia kama kidole gumba, ya pauni 20 kama kidole cha mwisho, ya pauni moja kama punje ya shayiri. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, alama zikabaki pande zote mbili. Kipande kimoja alipewa mlipaji, kingine kikabaki hazina. Siku ya hesabu vipande vilikutanishwa, na kama mmoja alikuwa ameongeza au kupunguza chale, udanganyifu ulionekana papo hapo. Mfumo huu ulidumu karne nyingi, ukakomeshwa kabisa mwaka 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 vijiti vilivyokuwa vimerundikana vilitiwa kwenye matanuri ya kupasha joto chini ya ukumbi wa Malodi, moto ukashinda nguvu, na sehemu kubwa ya Bunge la Westminster ikateketea.

Nautaja mlinganisho wa vijiti kwa sababu bila huo ni vigumu kuona jinsi neno la kuzuia lilivyogeuka kuwa neno la kuhakiki. Mtu anayelinganisha vipande viwili anahakiki. Lakini lengo lake ni kuzuia wizi. Vitendo viwili vimo katika kitendo kimoja. Karani wa namna hiyo alikuwapo pia nje ya hazina. Katika viwanda vya kuundia meli za kivita za Uingereza alikuwapo afisa aliyeitwa Clerk of the Cheque, ambaye kazi yake ilikuwa kushika daftari la mahudhurio, ili asiyefika kazini asilipwe. Waliomwita hivyo walimwona kama kizuizi. Yeye siku nzima alikuwa akitazama majina na kuyatia alama. Kufikia mwisho wa karne ya 17 kitenzi check kilikuwa kimeanza kutumika kwa maana ya kutazama kama jambo liko sawa, na maana hiyo ndiyo iliyokuja kuzimeza nyingine zote katika mazungumzo ya kila siku. Alama yenyewe, ile tunayoiita alama ya vema na tunayoelekezwa kuiweka kwenye karatasi ya kura, Wamarekani huiita check.

Kitambaa nacho kiliacha mtoto wake. Mpangilio wa miraba ya rangi mbili uliitwa chequer, kisha kwa kufupishwa check, na ndiyo maana shati la mirabaraba na bendera nyeusi na nyeupe inayopungwa mwisho wa mbio za magari vina jina moja na ukaguzi wa pasipoti. Wamarekani huuita checkers mchezo wetu wa drafti, ule unaochezwa chini ya mwembe kwa vizibo vya soda. Hapa Kiswahili kimepita njia ileile kwa miguu yake, kwa kuwa fundi cherehani naye husema kitambaa cha drafti. Ubao wa mchezo umekipa kitambaa jina katika lugha zote mbili, bila mmoja kumwiga mwenzake.

Sasa hundi. Katika mihadhara na makala nyingi za Waislamu, na hata katika vitabu vya historia ya biashara, hudaiwa kwamba cheque ya Waingereza ni sakk ya Waarabu. Dai hili linapendwa, na sababu ya kupendwa kwake ni ya haki: wafanyabiashara wa ulimwengu wa Kiislamu walikuwa wakilipana kwa maandishi karne nyingi kabla ya benki za London. Ibn Hawqal, msafiri wa karne ya 10, alisimulia habari za hati ya deni ya dinari 42,000 iliyomhusu mfanyabiashara wa Awdaghust, mji wa jangwani katika Mauritania ya leo. Hawala, neno tunalolitumia hadi sasa, ni la ukoo wa biashara hiyo. Kwamba Waislamu walitangulia katika jambo lenyewe hakuna haja ya kubishana.

Lakini kutangulia kwa jambo si kutangulia kwa neno. London ya karne ya 17 ilikuwa tayari na karatasi za kumwagiza mwenye benki alipe. Mojawapo inayojulikana sana iliandikwa Februari 1659 na Nicholas Vanacker kwa wenye benki Clayton na Morris, na haikuitwa cheque. Neno check liliingia katika shughuli hii mwanzoni mwa karne ya 18, na halikuitaja karatasi inayotoka. Lilikitaja kile kipande kinachobaki kitabuni ili kulinganishwa baadaye, mrithi wa kijiti kilichobaki hazina. Kwa hiyo lilikuwa na maana yake ya kawaida ya kuzuia udanganyifu. Ni baadaye, kadiri karne ilivyosonga, ndipo jina lilipohama kutoka kwenye kipande kinachobaki kwenda kwenye kipande kinachoondoka. Kama neno lingetoka kwenye sakk, lingeanza na karatasi ya malipo, si na kishina chake. Tahajia ya cheque ni ya baadaye zaidi. James William Gilbart, mwandishi wa mambo ya benki wa karne ya 19, aliitetea kwa sababu mbili: inaepusha utata na maana nyingine za check, na inafanana na exchequer. Wamarekani hawakuona haja hiyo, wakabaki na check.

Siwapokonyi Waarabu kitu kwa kusema haya. Shah alipita mikononi mwao kabla ya kufika Ulaya. Bila Baghdad na Andalusia Waingereza wasingekuwa na neno hilo kabisa. Ila lilipita kama neno la mchezo, si la benki. Na mzunguko uliendelea: Kiarabu cha leo kinaiita hundi shik, neno lililorudi kutoka Ulaya. Kifaransa vilevile kilichukua chèque kutoka kwa Waingereza, huku kikiwa na échec yake nyumbani, hivyo lugha moja ikawa na shah wawili wasiojuana.

Sisi tuliipata hundi kwa mlango tofauti. Neno letu ni la Kihindi, na lililetwa na wafanyabiashara wa Kachchh na Gujarat ambao biashara ya Unguja ya karne ya 19 ilitegemea sana mitaji yao. Hundi yao ilikuwa barua ya kuagiza malipo, yenye imani ya ukoo na jina la nyumba ya biashara nyuma yake. Sheria za kikoloni zilipokuja na tafsiri ya Waingereza ya mwaka 1882, kwamba cheque ni hati ya kumwagiza mwenye benki alipe itakapodaiwa, Kiswahili kilikuwa tayari na chombo cha kuipokea. Jina la zamani likavishwa karatasi mpya. Mitaani cheki nayo husikika, hasa Kenya, lakini hundi haijang'oka. Chenyewe kitu ndicho kinachopungua: Kenya iliweka kikomo Oktoba 2009, hundi ya zaidi ya shilingi milioni moja isipite kwenye mfumo wa pamoja wa benki, na simu imechukua malipo mengi madogo.

Maana za Kimarekani nazipitia haraka, kwa kuwa karibu zote ni watoto wa kishina. Karatasi unayopewa mgahawani, namba unayopewa unapoacha koti mlangoni, kitambulisho cha begi uwanja wa ndege: yote ni vipande vya kulinganishwa. Hata rain check, ambayo leo ni njia ya heshima ya kuahirisha mwaliko, ilikuwa katika miaka ya 1880 kipande cha tiketi kilichomruhusu mtazamaji wa besiboli arudi siku nyingine mvua ikivunja mchezo.

Meza inayonigusa zaidi ni ya katiba. Walioandika katiba ya Marekani mwaka 1787 walikuwa wametoka kupigana na mfalme, na katika mjadala wa kuipitisha neno check lilitajwa mara nyingi. James Madison, katika makala ya 51 ya mfululizo wa The Federalist iliyotoka Februari 1788, alieleza kwamba kila mhimili wa dola upewe njia na sababu ya kujikinga dhidi ya mwingine. Hapa check imerudi kwenye nguvu yake ya kwanza kabisa. Si kutazama, ni kumfanya mwenye mamlaka asimame, aache alichokusudia, ajibu kwanza. Rais anarudisha mswada, Bunge linakataa bajeti, mahakama inabatilisha amri: kila mmoja anatamka shah mbele ya mwingine, na sheria inamlazimisha aliyeambiwa asiendelee kama vile hakusikia.

Ndiyo maana huniuma ninapokuta kauli ya checks and balances imefasiriwa kwa ukaguzi. Mkaguzi anaweza kutazama, akaandika ripoti, na ripoti ikawekwa kabatini. Hiyo ni check ya karani, na tunayo tele. Ile ya Madison haimalizikii kwenye ripoti. Wanaosema mihimili ya dola hudhibitiana wamelipata neno, kwa kuwa kudhibiti ni kushika na kutia mpaka, na kiambishi cha kutendana kinabeba kile ambacho Kiingereza kinahitaji neno la pili kukibeba. Mfasiri aliyefunzwa kwamba check ni kuangalia tu atawaandikia wananchi katiba yenye macho isiyo na mikono.

Hapo pia ndipo ninapotofautiana na wanaotafuta maana halisi ya neno katika chimbuko lake. Chimbuko la check ni mfalme, na nje ya ubao wa sataranji hakuna hata moja katika maana zake za leo inayotaja mfalme. Mtu akikuambia kwamba neno fulani kwa kweli lina maana ya kitu fulani kwa kuwa ndivyo lilivyokuwa katika Kiajemi au Kilatini, mwulize ni nani alilitumia hivyo na kwa kazi gani. Asili hueleza njia, haitoi amri.

Kiswahili kimelithibitisha hilo kwa kitenzi chake kipya. Cheki imeingia kwa mlango wa vitenzi vya kukopa, pamoja na fikiri na jibu, ambavyo havibadili irabu ya mwisho. Cheka, kitenzi chetu cha asili ya Kibantu, hubadili. Kwa hiyo tunasema nicheki na nicheke, na hakuna anayechanganya. Ila katika kukanusha wakati uliopo vinagongana: sikucheki inaweza kuwa sikutazami, na inaweza kuwa sikukejeli. Muktadha pekee ndio unaoamua, na unaamua bila shida, jambo linaloonyesha kwamba kitenzi kimekubaliwa na sarufi, hakipo ugenini.

Maana zake zimekuwa za hapa. Kijana wa Mbagala anasema anakwenda kucheki mechi kwenye kibanda umiza, yaani kuitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwingereza hatumii check kwa kutazama mpira. Kijana huyo anapoagana na rafiki humwambia nicheki baadaye, naye hamwombi amkague. Anamwomba apige, abipu, au atume ujumbe. Kutoka hapo imezaliwa tuchekiane, wawili wakiahidiana kuwasiliana. Maana hizi mbili, kutazama kwa burudani na kuwasiliana, zina meza zake zinazojulikana: skrini ya kulipia kiingilio na simu ya mkononi. Kuzuia, kukaripia, kishina, mraba na shah vyote vimeachwa nje, kwa kuwa kwa kila kimoja tulikuwa tayari na neno. Mtunzi wa kamusi atakayeandika kidahizo cha cheki aanze na mechi na simu, aweke kukagua katika nafasi ya tatu, na asiifungue kamusi ya Kiingereza mpaka awe amemaliza.